MAWINGU YA JUNI SI MVUA
Somo la vikundi: Jinsi ya kusoma utabiri wa kiangazi katika nchi kavu ya Marsabit



Kila mwaka mwezi wa tano unapokwisha, redio hutangaza utabiri wa hali ya hewa wa Juni, Julai na Agosti. Na kila mwaka, sisi tunaotembelea vikundi huulizwa swali lile lile kila tunapofika: "Wamesema nini huko? Mvua itanyesha?" Wengine husikia neno moja tu, kama "kawaida" au "juu ya kawaida", wakarudi nyumbani wamefurahi. Ifikapo Septemba silanga imekauka, ng'ombe wanainuliwa kwa mkia asubuhi, na watu wanasema serikali iliwadanganya.

Haikudanganya. Ila utabiri una lugha yake, na lugha hiyo hatukufundishwa. Mwezi huu tutajifunza kuisoma, kisha tuone kikundi kinaweza kufanya nini Juni, wakati mifugo bado ina nyama na silanga bado ina maji.

LENGO LA SOMO: Mwisho wa somo hili kila mwanakikundi aweze kueleza maana ya utabiri wa msimu, na kikundi kiwe na tarehe tatu zilizoandikwa daftarini za kufanya maamuzi kabla ya Oktoba.

VITU VYA KULETA: Vijiwe 30 vya ukubwa tofauti, mkebe mmoja, maharagwe 20 (9 meusi, 7 mekundu na 4 meupe), fimbo ndefu, kamba, na daftari la kikundi.

Fuateni hatua tatu tulizozizoea: Tuone, Tupime, Tutende. Somo lichukue mikutano miwili. Msikimbie.

SEHEMU YA KWANZA: TUONE

Kwa nini mvua hutuacha mwezi wa sita?

Kaunti yetu ina misimu miwili ya mvua. Ya kwanza ni Machi hadi Mei, ya pili ni Oktoba hadi Desemba. Katikati kuna kiangazi mbili. Ile ya Januari na Februari ni ya joto kali. Ile ya Juni hadi Septemba ni ya upepo na ubaridi, na hiyo ndiyo tunayoizungumzia leo. Waborana na Wagabra huiita adolessa, Wasomali huiita hagaa. Jina lipo kwa kila kabila kwa sababu kiangazi hiki kimekuwapo tangu mababu. Si adhabu wala si ajabu.

Mvua hulifuata jua. Mwezi Juni jua huwa limesogea kaskazini, na tarehe 21 hivi hufika mwisho wa safari yake upande huo. Ukanda wa mvua huenda nalo hadi Ethiopia na Sudan. Ndiyo maana Juni hadi Septemba ndio msimu mkubwa wa mvua wa nyanda za juu za Ethiopia, wakati sisi jirani zao tunaangalia vumbi.

Wakati huo huo upepo hutoka kusini na kusini-mashariki. Watu wa pwani huuita kusi. Upepo huu umetoka baharini na umebeba unyevu, lakini hautuachii. Kwenye pwani ya Somalia unageuka na kukimbia kwa nguvu kuelekea India, na unyevu wake ndio unaonyesha mvua kubwa za huko. Kwetu sisi upepo unapita kati ya milima ya Kenya na milima ya Ethiopia kama watu wanaosukumana kwenye lango la boma. Ukibanwa, unaongeza mbio. Si kwa bahati kwamba mitambo 365 ya kuzalisha umeme kwa upepo, yenye uwezo wa megawati 310, ilijengwa upande wa Loiyangalani na kuanza kupeleka umeme mwaka 2018. Wenye mitambo walisoma upepo wetu wakapata faida. Na sisi tuusome.

Jambo la tatu ni mawingu. Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Methali hiyo ni ya kweli Aprili na ya kweli Novemba. Juni na Julai inaweza kutupoteza. Anayeishi mlimani Marsabit, au anayechunga Kulal na Milima ya Huri, huamka akakuta ukungu mpaka mlangoni, blanketi imepata unyevu, na majani ya miti yanadondosha matone. Mtu wa Maikona au Kargi akitazama mlima kwa mbali anaona wingu limeukalia, anasema mvua inakuja. Hilo ni wingu la chini, jembamba, linaloletwa na upepo unapopanda mlima na kupoa. Linaweza kulowesha msitu, lakini halijazi silanga kule chini. Linapovuka mlima na kushuka upande wa jangwa la Chalbi linapata joto na kuyeyuka.

Baridi nayo ina hesabu yake. Ukipanda mita 100, joto hupungua kwa zaidi ya nusu digrii. Mlima Marsabit unafika karibu mita 1,700 juu ya bahari, na Chalbi iko chini kwa zaidi ya mita 1,000. Kwa hiyo siku hiyo hiyo moja, mama wa mlimani anafunga sweta na mama wa Kalacha anatafuta kivuli. Utabiri mmoja wa kaunti nzima hauwezi kuwafaa wote wawili bila wao wenyewe kuutafsiri.

Utabiri unatoka wapi?

Kuna Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, ambayo hutoa utabiri wa siku chache, wa wiki, wa mwezi na wa msimu. Ofisi yake ya kaunti huuchukua ule wa taifa na kuueleza kwa maeneo yetu. Kuna pia kituo cha nchi za IGAD kinachoitwa ICPAC, kilichoko Nairobi. Tangu mwaka 1998 wataalamu wa nchi za upembe wa Afrika wamekuwa wakikutana kabla ya misimu ili wakubaliane juu ya utabiri mmoja wa eneo zima. Kikao cha mwezi Mei huhusu Juni hadi Septemba, na kile cha Agosti huhusu Oktoba hadi Desemba. Shikeni hicho cha Agosti. Tutakirudia.

Halafu kuna Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA. Hao hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kila kaunti kavu, wakieleza malisho yakoje, maji yako umbali gani, maziwa kiasi gani na bei ya mbuzi sokoni. Hueleza tuko hatua gani: kawaida, tahadhari, hatari, dharura, au kupona. Tofauti ni hii: NDMA wanaeleza yaliyokwisha kutokea, na watu wa hali ya hewa wanaeleza yanayoweza kutokea. Kikundi chenye akili husikiliza wote wawili.

ZOEZI LA 1: MAWE THELATHINI

Mwagieni vijiwe 30 chini. Kila kijiwe ni mwaka mmoja, kuanzia 1991 hadi 2020. Kijiwe kidogo ni mwaka uliokuwa na mvua kidogo ya Machi hadi Mei. Kikubwa ni mwaka wa mvua nyingi. Vipangeni mstari mmoja kutoka kidogo kabisa hadi kikubwa kabisa. Kisha wekeni kijiti baada ya jiwe la 10, na kingine baada ya la 20.

Sasa mna mafungu matatu. Fungu la kwanza wataalamu huliita "chini ya kawaida". La katikati ni "kawaida". La mwisho ni "juu ya kawaida". Basi, hakuna siri nyingine. "Kawaida" haina maana ya mvua nzuri wala mvua ya kutosha. Ina maana ya mvua inayofanana na ile ya fungu la katikati, mahali hapo, kwa miezi hiyo.

ZOEZI LA 2: MAHARAGWE MKEBENI

Tuseme redio imetangaza: nafasi ya mvua chini ya kawaida ni asilimia 45, kawaida asilimia 35, na juu ya kawaida asilimia 20. Tieni mkebeni maharagwe yote 20. Meusi 9 ni ukavu, mekundu 7 ni kawaida, meupe 4 ni mvua nyingi. Kila mtu afumbe macho, atoe harage moja, aonyeshe wenzake, alirudishe.

Mtaona meusi yanatoka mara nyingi zaidi. Lakini kuna mtu atatoa jeupe, na wenzake watacheka. Je, mkebe umedanganya? La. Jeupe lilikuwamo tangu mwanzo, ila yalikuwa machache. Utabiri wa msimu ni mkebe huo. Unatuambia ndani mna maharagwe mangapi ya kila rangi. Hautuambii ni lipi litatoka mwaka huu. Na wakitangaza nafasi sawa, theluthi kwa theluthi kwa theluthi, wanatuambia kwa heshima kwamba safari hii hakuna upande uliozidi mwingine.

ZOEZI LA 3: MTEGO WA NENO "KAWAIDA"

Hili ndilo zoezi muhimu kuliko yote. Rudini kwenye mstari wa mawe. Safari hii mawe yawe mvua ya Juni hadi Septemba ya Maikona, North Horr au Turbi. Mzee yeyote aseme: katika miaka 30, ni mara ngapi silanga ilijaa mwezi wa saba? Mtalazimika kuondoa vijiwe vyote na kuweka punje za mchanga. Fungu la chini ni karibu bure. La katikati ni karibu bure. Hata la juu ni manyunyu ya kutuliza vumbi.

Kwa hiyo mkisikia "mvua ya kawaida inatarajiwa kaskazini-mashariki mwezi Juni hadi Agosti", maana yake kwa Kiswahili cha nyumbani ni hii: kutakuwa kukavu kama siku zote. Na mkisikia "juu ya kawaida", bure ikiongezwa kidogo bado ni karibu bure. Mara nyingi kwenye ramani za msimu huu sehemu zetu huonyeshwa kama eneo la kiangazi tu.

Hali si hivyo kwa jirani zetu wa magharibi. Turkana, magharibi ya Samburu na sehemu za Laikipia zinaweza kupata mvua ya maana Julai na Agosti. Hapo utabiri wa Juni una uzito wa mvua. Kwetu una uzito wa upepo, baridi na vumbi. Msiuchukue utabiri wa Maralal mkaupanda Kargi.

Basi kama mvua ya kiangazi haitarajiwi, ni nini kinachoamua kama tutafika Oktoba salama? Ni mambo mawili. La kwanza, Aprili na Mei zimetuachia maji na nyasi kiasi gani. Hilo halihitaji kutabiriwa, linahitaji kuhesabiwa. La pili, mvua za Oktoba zitaanza lini na kwa nguvu gani. Hilo tutalisikia mwisho wa Agosti. Katikati ya hayo mawili kuna siku 122 za Juni hadi Septemba, na hizo ni zetu kuzipanga.

El Niño na wenzake

Mtu akisikia El Niño huona mafuriko, kwa sababu ya yale ya 1997 na 1998. El Niño ni maji ya Bahari ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida. Yakipoa kuliko kawaida huitwa La Niña. Mara nyingi El Niño huongeza mvua zetu za Oktoba hadi Desemba, na La Niña huzipunguza. Lakini Bahari ya Hindi nayo ina sauti. Maji ya upande wetu yakipata joto kuliko yale ya upande wa Indonesia, mvua huongezeka kwetu.

Mwaka 2015 El Niño ilikuwa kubwa sana, watu wakajiandaa kwa mafuriko kama ya 1997, na mafuriko ya kiasi hicho hayakuja. Mwaka 2019 Pasifiki haikuwa na El Niño kubwa, lakini Bahari ya Hindi ilipata joto upande wetu na mvua ikafurika. Mwaka 2023 vyote viwili vilikuwapo pamoja, na mafuriko yalifika Mandera, Wajir na Garissa, mahali palipokuwa pametoka tu kwenye ukame. Basi mkisikia "El Niño inakuja" mwezi Juni, msiuze maji ya Agosti kwa mvua ya Novemba. Hata ikija, ng'ombe lazima awe hai siku hiyo ili anywe.

Na wazee je?

Wengine hutuuliza kama kanisa linakataza elimu ya wazee. Wazee wanaohesabu siku na kuangalia nyota, kama ayyantu wa Waborana, na wafugaji wanaotazama maua ya miti, ndege na mwenendo wa mifugo, wamekusanya mambo mengi kwa uangalifu. Tusiwadharau. Ushauri wetu ni mmoja: yaandikeni. Ukurasa mmoja wa daftari uwe wa maneno ya redio, na wa pili uwe wa maneno ya wazee, vyote na tarehe. Baada ya misimu kadhaa mtajua nani alisema nini na ikawaje. Bila kuandika, kila mtu hukumbuka siku alizopatia tu.

SEHEMU YA PILI: TUPIME

Msomaji mmoja wenu asome kwa sauti kitabu cha Mwanzo sura ya 41, habari za Yusufu na Farao. Kisha mjiulize: Yusufu alisifiwa kwa sababu gani?

Wengi hujibu, kwa sababu alifasiri ndoto. Ni kweli, lakini soma mbele. Baada ya kufasiri hakukaa kungoja. Alipanga sehemu ya kuweka akiba katika miaka ya shibe, mahali pa kuweka, na mtu wa kusimamia. Kama angeishia kwenye ndoto, Misri ingekufa njaa ikijua sababu. Utabiri bila ghala ni habari tu.

Sasa tukumbuke yetu wenyewe. Kuanzia Oktoba 2020 hadi Desemba 2022 mvua zilishindwa misimu mitano mfululizo. Katika kaunti kavu za Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa, na mwanzoni mwa 2023 watu zaidi ya milioni 4 walihitaji msaada wa chakula. Nyinyi hamhitaji takwimu, mlikuwapo. Mlipita kwenye mizoga barabarani mkaziba pua.

Tunaikumbuka miaka hiyo kwa sababu ya jambo tuliloliona katika vijiji vingi. Ukame haukuwa mmoja kwa wote. Kuna nyumba zilizouza mbuzi watano Juni, wakanunua mahindi na dawa za mifugo, wakabaki na mbuzi wachache walio hai. Na kuna nyumba, wakati mwingine za ndugu wa tumbo moja, zilizosema "tungoje kidogo, mawingu yapo". Hizo ziliuza Septemba kwa bei ya ngozi, au hazikuuza kabisa. Hatusemi hivi kumlaumu mtu. Kuuza mnyama si jambo dogo: ni mahari ya kijana, ni maziwa ya mtoto, ni jina la mzee mbele ya wenzake. Ndiyo maana uamuzi huo ni mzito kwa mtu mmoja, na ni mwepesi kidogo kwa kikundi.

SEHEMU YA TATU: TUTENDE

1. Hesabuni maji, na kuhesabu jua

Chukueni fimbo, ingieni silangani, pimeni kina mahali penye maji mengi na mahali pa katikati. Andikeni. Kisha mfanye hesabu hii.

Katika nchi kavu kama yetu, jua na upepo huweza kunywa zaidi ya milimita 2,000 za maji ya wazi kwa mwaka. Hiyo ni zaidi ya milimita 5 kwa siku. Ni pungufu ya unene wa kidole kidogo, si ndiyo? Lakini silanga yenye urefu wa mita 30 na upana wa mita 20 hupoteza hapo lita 3,000 kila siku. Ni mitungi 150 ya lita 20. Kama mbuzi mmoja anakunywa lita 5, ni sawa na mbuzi 600 wasio na mwenyewe wanaokuja kunywa kila siku na hatuwaoni. Kwa siku 122 za kiangazi ni zaidi ya sentimita 60 za kina. Silanga yenye kina cha mita moja mwanzoni mwa Juni itabaki chini ya sentimita 40 mwisho wa Septemba, hata kama hakuna kiumbe aliyeonja. Penye upepo mkali hasara huzidi.

Kwa hiyo mpango wa "tuyahifadhi maji ya silanga, tutayatumia mwishoni" hauna faida. Jua litayamaliza. Tumieni maji ya wazi kwanza, na kisima chenye mfuniko au tangi liwe la mwisho. Wekeni ua wa miiba upande unaotoka upepo, na mifugo inyweshwe kwenye birika nje ya silanga, isiingie kukanyaga na kuchafua. Na kamati ya maji iseme mapema nani ananywesha siku gani, si siku ugomvi umeanza.

2. Wanyama: amueni wakati bado wana mwili

Kila nyumba ijiulize: ni wanyama gani hawawezi kutembea hadi maji ya Septemba? Wazee, wasiozaa tena, madume ya ziada. Hao wauzwe Juni na Julai. Kikundi kiweke ukurasa wa soko: kila siku ya soko andikeni bei ya mbuzi wa wastani na bei ya kilo ya mahindi, kisha mgawanye. Mbuzi mmoja ananunua kilo ngapi? Namba hiyo ikishuka mara tatu mfululizo, mjue mlango unafungwa.

Wale wa maziwa na wenye mimba walishwe vizuri zaidi. Kateni nyasi iliyobaki sasa, ikiwa bado na rangi, mzifunge na kuziweka kivulini. Mwezi wa tisa hakuna cha kukata.

3. Upepo na baridi

Hapa ndipo utabiri wa Juni unapotufaa moja kwa moja. Wakitangaza baridi na upepo mkali, ndama na wana-mbuzi wapate kibanda chenye kinga upande wa kusini na kusini-mashariki. Kifua huua wana-mbuzi wengi katika miezi hii, na mtu husema ni njaa tu. Ukisikia kikohozi bomani, mwite mhudumu wa mifugo mapema. Mabati yaongezwe misumari na mawe. Na moto wa jikoni uzimwe kwa maji au mchanga kabla ya kulala, maana nyasi kavu na upepo huo havimngoji mtu.

Vumbi nalo huumiza macho na vifua vya watoto na wazee. Ziara ya zahanati isicheleweshwe kwa kusema "ni hagaa tu, itapita".

4. Malisho ya jirani

Vijana watahama na mifugo kuelekea kule kunakonyesha Julai na Agosti, au milimani. Hili hutokea kila mwaka, na kila mwaka tunalishughulikia kama ghafla. Wazee na viongozi wa vikundi watangulie mwezi wa sita, wakae na wenyeji, wakubaliane idadi, njia, visima na siku ya kurudi. Maneno yakitangulia, bunduki hukosa kazi.

5. Pesa za kikundi

Tuchukue mfano. Kikundi cha kina mama 20 kina shilingi 60,000. Wakizikopesha zote Julai kwa miezi mitatu, ina maana mwezi wa tisa, mwezi mgumu kuliko yote, sanduku ni tupu na wadeni hawana cha kulipa. Tunashauri kuanzia Juni theluthi moja, yaani 20,000 katika mfano huu, isikopeshwe. Iitwe pesa ya Septemba. Itumike kwa maji, chakula cha mifugo au mgonjwa, kwa uamuzi wa wanakikundi wote. Na msikopeshe mtu mwezi wa saba kwa ajili ya kununua ng'ombe. Ananunua mdomo mwingine.

6. Tarehe tatu

Andikeni daftarini, kwa herufi kubwa:

Wiki ya kwanza ya Juni: kupima silanga, kuhesabu wanyama wa kuuza, kutenga pesa ya Septemba, kutuma wazee kwa majirani.

Wiki ya mwisho ya Julai: kupima silanga mara ya pili kwa fimbo ile ile na mahali pale pale. Kama maji yamepungua kuliko hesabu, punguzeni wanyama tena siku hiyo hiyo. Msingoje mkutano mwingine.

Mwisho wa Agosti au mara tu utabiri wa Oktoba hadi Desemba utakapotangazwa: mtume watu wawili, mmoja mwanamke, wakasikilize kwenye baraza au ofisini, wawaeleze wenzao kwa maharagwe. Meusi yakiwa mengi, endeleeni kubana. Meupe yakiwa mengi, safisheni silanga, chanjeni mifugo, na mhamishe maboma yaliyo kwenye lagga, kwa sababu mvua ya kwanza baada ya ukame huja na mafuriko, na baridi yake huua wanyama waliokonda.

Kwa hali yoyote Septemba mtengeneze mifereji ya mabati. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Ukumbi wa mita 10 kwa 6, mvua moja ya milimita 20, ni lita 1,200. Hata zikimwagika 200, mmepata mitungi 50 bila kutuma mama yeyote kisimani.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chetu, nani husikia utabiri kwanza, na nani husikia mwisho? Wachungaji walioko fora husikiaje?

2. Mwaka 2022 ni uamuzi gani ulioziokoa nyumba zilizookoka? Waliookoka wenyewe waeleze.

3. Katika nyumba, nani huamua kuuza mnyama? Na nani hubeba maji asipouzwa?

4. Ni mjane au mzee gani kijijini asiye na mtu wa kumpimia, kumuuzia au kumchotea? Kikundi kitamfanyia nini kabla ya Julai?

KAZI YA KIKUNDI

Kabla ya mkutano ujao mpime silanga au kisima chenu na mwandike kina, tarehe na jina la aliyepima. Mleteni daftari tutakapokuja, tulisome pamoja. Kikundi kilicho mbali kinaweza kutuma ukurasa huo kupitia katekista wa kigango chake.

Mungu awabariki na awape Oktoba njema, na mifugo ya kuipokea.